TAMKO KUHUSU KUMNYIMA MTU UHURU KWA KUBASHIRI KOSA AMBALO HAJALITENDA

Sisi, wasaidizi wa kisheria na mawakili tunaotoa msaada wa bure kwa mahabusu, wafungwa na familia zao, tuliokutana Dodoma katika mkutano wetu mkuu wa mwaka, tunatoa tamko hili kwa Bunge, Mahakama, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, vyombo vya habari na wananchi wote.

Kila panapotokea tukio la kutisha, husikika sauti zinazotaka sheria iongezewe meno: anayejulikana kuwa mhalifu akamatwe kabla hajatenda, asipewe dhamana, na hata akimaliza kifungo asiachiwe mpaka ionekane amebadilika. Wengi wanaosema hivyo wana nia njema, na baadhi yao wameumizwa. Tumewasikiliza. Baada ya kulijadili jambo hili kwa siku mbili, msimamo wetu ni huu: mtu anyimwe uhuru kwa alichokitenda na kikathibitika. Pale inapobidi azuiwe kwa kuhofia atakachokifanya, Serikali ndiyo ithibitishe hofu hiyo mbele ya hakimu, kwa ushahidi unaomhusu yeye mwenyewe, na kwa muda wenye mwisho. Nje ya hapo tunamfunga mtu kwa kosa ambalo halipo.

1. TUNAYOYAONA KAZINI

Tunamjua mama mmoja ambaye nyuma ya mlango wa chumba chake ametundika begi dogo. Ndani mna shuka, mswaki, kipande cha sabuni na sweta. Begi ni la mwanawe wa kiume, ambaye miaka kadhaa iliyopita alipatikana na hatia ya wizi wa pikipiki, akahukumiwa, akatumikia kifungo chake hadi siku ya mwisho, akarudi nyumbani. Tangu arudi, kila duka linapovunjwa mtaani, mlango wake ndio wa kwanza kugongwa. Hukaa mahabusu siku mbili, wiki, na safari moja karibu mwezi mzima, kisha huachiwa bila shtaka lolote. Wagongaji huja usiku na hawampi muda wa kujiandaa, ndiyo maana begi liko tayari.

Kijana huyo alikuwa amepata kibarua cha kuosha magari. Alipokamatwa mara ya tatu, mwenye kazi alitafuta mtu mwingine. Hakumtuhumu kwa lolote, alichoka tu kufungua asubuhi akiwa peke yake. Mama yake alituambia kwa sauti ya chini, huku akiliangalia lile begi: "Mwanangu alishalipa. Sasa anadaiwa deni la kesho."

Mahakamani jambo hilohilo huja kwa sura nyingine. Karandinga linaingia, mahabusu wanashushwa wakiwa na pingu, wawili wawili. Shauri linatajwa. Upande wa mashtaka unaeleza kuwa upelelezi haujakamilika. Kesi inapigwa kalenda, karandinga linaondoka. Kama kosa ni miongoni mwa yale yasiyo na dhamana, hakuna anayeuliza hata kwa dakika moja iwapo huyu aliyesimama kizimbani ni hatari kwa mtu yeyote. Sheria ilishalijibu swali hilo siku ilipopitishwa, kwa kuangalia jina la kosa, kabla mtu huyu hajajulikana na yeyote.

2. KWA NINI UBASHIRI SI USHAHIDI

Kosa lililotendwa huacha alama: shahidi, jeraha, risiti, alama ya kidole. Mshtakiwa anaweza kuzipinga. Atasema siku hiyo alikuwa safarini Tabora na tiketi hii hapa, au saini ile si yake. Lakini anayeambiwa kwamba mwakani ataua, ajitetee kwa lipi? Hakuna shahidi wa kesho. Akiwa mtulivu gerezani, itasemwa anajifanya. Akikasirika, itasemwa mnaona wenyewe. Na kwa kuwa yuko ndani, amenyimwa njia pekee ya kuonyesha kwamba nje angeishi vizuri, nayo ni kuishi nje.

Makosa ya ubashiri nayo hayaonekani kwa usawa. Anayeachiwa kisha akamdhuru mtu huandikwa magazetini, na hakimu aliyemwachia husemwa. Anayezuiwa ilhali asingemgusa mtu hajulikani na yeyote, wala yeye mwenyewe hawezi kulithibitisha. Ofisa anayeilinda kazi yake atachagua kuzuia kila mara, na kila mara ataonekana amepatia. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya utaratibu huu: hauna namna ya kujua unapokosea.

Mara chache hutokea nafasi ya kuupima. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Baxstrom, ilitoa uamuzi uliosababisha jimbo la New York kuwahamisha wagonjwa wa akili 967 kutoka katika hospitali zenye ulinzi mkali zilizokuwa chini ya idara ya magereza, kwenda hospitali za kawaida. Walikuwa wamezuiwa miaka mingi kwa maelezo kwamba ni hatari mno. Watafiti Henry Steadman na Joseph Cocozza waliwafuatilia kwa miaka kadhaa. Waliolazimika kurudishwa kwenye ulinzi mkali walikuwa wachache mno. Waliobaki walikuwa wameutumikia uhatari ambao haukuwamo ndani yao, na bila uamuzi ule wa Mahakama hakuna ambaye angekuja kulijua hilo.

3. HISTORIA YA BARA LETU

Afrika haihitaji kufundishwa somo hili na wengine. Tulifanyiwa, kisha tukafanyiana.

Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953 kifungo cha miaka 7. Kifungo kilipoisha mwaka 1959 hakurudi kwake. Alipelekwa Lodwar na kuwekewa mipaka ya kuishi, kwa sababu tu ya hofu ya watawala kuhusu atakachofanya akiwa huru. Mwaka uliofuata Gavana Patrick Renison alimtangaza hadharani kuwa kiongozi atakayewapeleka watu kwenye giza na mauti. Aliachiwa Agosti 1961. Mwaka 1963 akawa Waziri Mkuu, na Agosti ya mwaka huohuo alikutana Nakuru na walowezi wa Kizungu, akawataka wabaki, wasameheane, waijenge nchi pamoja. Utabiri wa Gavana uliweza kupimwa kwa sababu mtabiriwa alitoka. Maelfu waliowekwa kambini wakati wa hali ya hatari hawakupata nafasi ya kuwapima watabiri wao.

Mwaka 1966, kabla Uhuru haujatimiza miaka mitatu, Kenya ikairekebisha sheria yake ya kulinda usalama wa umma, ikaruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Jaramogi Oginga Odinga aliwekwa kizuizini mwaka 1969. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa mwisho wa Desemba 1977 na kukaa Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Aliyewahi kuzuiwa kwa kutabiriwa alikuwa sasa na mamlaka ya kuwatabiria wengine.

Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Robert Sobukwe alifungwa miaka 3 kwa kuongoza upinzani dhidi ya sheria za pasi mwaka 1960. Kifungo chake kikiwa karibu kumalizika, mwezi Mei 1963, Bunge la makaburu lilipitisha kifungu kilichomruhusu Waziri wa Sheria kuendelea kumshikilia mfungwa aliyekwisha kumaliza adhabu. Kifungu hicho kikahuishwa mwaka hadi mwaka. Sobukwe alikaa Kisiwa cha Robben miaka 6 zaidi, katika nyumba alimotengwa peke yake, bila kosa jipya na bila hukumu mpya. Anayetaka Bunge letu litunge sheria ya kumshikilia mfungwa baada ya kifungo chake ajue kwamba sheria ya namna hiyo imewahi kuwapo Afrika, na ajue ni akina nani walioitunga.

Nasi Tanzania tulitunga yetu. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini ya mwaka 1962, iliyopitishwa kabla Uhuru haujatimiza mwaka, ilimpa Rais uwezo wa kuamuru mtu azuiwe bila shtaka kwa ajili ya usalama wa nchi. Mwaka 1985 ilirekebishwa ili aliyezuiwa apewe sababu na awe na njia fulani ya kulalamika. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyotoa taarifa yake mwaka 1992, iliitaja miongoni mwa sheria 40 kandamizi zinazostahili kufutwa au kurekebishwa. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado tunasikia fikra iliyozaa sheria ile ikisifiwa kama wazo jipya.

4. DHAMANA NA UZURURAJI

Katiba yetu, katika ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu na kutaka anyimwe kwa utaratibu wa sheria peke yake. Mahakama zetu zimehangaika na maana ya maneno hayo kwa miaka mingi, na tunaziheshimu kwa kazi hiyo. Katika shauri la Daudi Pete, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ilikitengua kifungu kilichozuia dhamana kwa sababu kilikuwa kipana mno: kiliweza kumnasa anayestahili kuitwa hatari pamoja na asiyestahili, bila kuwatofautisha. Mwaka 2018, katika shauri la Mtobesya, Mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba si sawa hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka peke yake kufunga mlango wa dhamana.

Mwezi Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilitamka kuwa orodha ya makosa yasiyo na dhamana inakiuka Katiba. Agosti ya mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo. Tunaitii hukumu hiyo. Lakini kutamkwa kwamba sheria haivunji Katiba hakulizuii Bunge kutunga iliyo bora. Kenya, kwa Katiba ya 2010, humpa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti yanayofaa, ila tu pakiwa na sababu nzito za kumnyima. Sababu hizo husemwa, hujibiwa na kuamuliwa. Hicho ndicho tunachokiomba.

Uzururaji nao ni ubashiri uliovaa nguo za kosa. Aliyekutwa barabarani usiku bila kazi inayojulikana huchukuliwa kwa kudhaniwa kuwa ana nia mbaya. Mjini Blantyre, Malawi, mchuuzi wa mifuko ya plastiki alikamatwa akielekea kwenye biashara yake kabla ya mapambazuko. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikitupa nje kifungu kilichotumika kumshika. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwa ombi la Umoja wa Mawakili wa Afrika. Ilisema kuwa sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yana wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Ushauri uliotolewa Arusha haupaswi kuchelewa kufika Dodoma.

5. ONYO KUTOKA UINGEREZA NA MAREKANI

Wanaotaka mfungwa abaki ndani mpaka aonyeshe amebadilika tunawaomba waitazame Uingereza. Sheria ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika Aprili 2005 katika England na Wales, iliruhusu mahakama kutoa kifungo kisicho na mwisho kwa ajili ya kulinda umma. Mfungwa alipangiwa muda wa chini wa kutumikia, mara nyingine usiofika miaka 2. Baada ya hapo ilikuwa juu yake kuishawishi bodi ya msamaha kwamba si hatari tena. Serikali ilitarajia wafungwa wapatao 900. Waliohukumiwa hivyo walizidi 8,000.

Ili kuonyesha wamebadilika, walitakiwa kuhudhuria mafunzo maalumu. Magereza mengi hayakuwa na mafunzo hayo, au yalikuwa na foleni ndefu. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kuwashikilia watu kwa mtihani wasiopewa nafasi ya kuufanya ni kuwanyima uhuru kiholela. Mwaka huohuo adhabu hiyo ilifutwa, lakini kwa wafungwa wapya tu. Waliokwisha kuhukumiwa waliachwa nayo, na zaidi ya miaka 10 baadaye wapo waliokuwa bado ndani kwa makosa ambayo muda wake wa chini ulikwisha zamani. David Blunkett, waziri aliyeileta sheria hiyo, amekiri hadharani kwamba anaijutia. Majuto yake hayakuwarudishia watu wale miaka yao.

Marekani wamewakabidhi watabiri wa kompyuta baadhi ya kazi hii. Programu iitwayo COMPAS huwapa washtakiwa alama za uwezekano wa kurudia kosa. Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica walichunguza alama hizo katika kaunti ya Broward, Florida. Waligundua kuwa miongoni mwa watu ambao baadaye hawakurudia kosa, Weusi walikuwa wamepewa alama ya hatari kubwa karibu mara mbili kuliko Wazungu. Programu hujifunza kutoka katika majalada, na majalada yameandikwa na watu. Ikiletwa hapa, itasoma kuwa kijana wa yule mama amekamatwa mara nyingi. Haitasoma kwamba kila mara aliachiwa bila shtaka.

6. KWA WALIOUMIZWA

Hatuwezi kusema haya yote bila kuwatazama usoni walioumizwa. Wapo miongoni mwa wanachama wetu waliovamiwa majumbani. Yupo dada tuliyemsindikiza polisi mara tatu kumshitaki mume aliyeahidi kumchoma moto, na mara zote tatu alirudishwa nyumbani akaongee na wazee. Anayetuambia tunawatetea wahalifu huku wananchi wakiogopa, tunamjibu kwa mfano wa dada huyu. Mume wake alikwisha kutenda kosa. Kutishia kuua ni kosa katika sheria zetu, na kujaribu na kula njama vivyo hivyo. Dada yule hakuhitaji mtabiri, alihitaji maelezo yake yaandikwe na jalada lifunguliwe.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ana haki ya kushtuka, na anayemcheka hajaumwa. Lakini jirani mwema huchukua taa na kwenda kuangalia kama ni nyoka au ni unyasi. Kazi hiyo ya taa ndiyo tumempa hakimu, na hatukubali aambiwe aiache nyumbani.

7. WITO WETU

Kwa hiyo tunatoa wito ufuatao:

(a) Bunge lirekebishe sheria ili hakimu au jaji awe na mamlaka ya kusikiliza ombi la dhamana kwa kila kosa, upande wa mashtaka ukiwa na wajibu wa kuthibitisha hatari inayomhusu mshtakiwa huyo, na uamuzi utolewe kwa maandishi pamoja na sababu.

(b) Kusiletwe muswada wowote wa kumshikilia mfungwa baada ya kumaliza adhabu yake. Mahali pa usimamizi unaohitajika ni nje, chini ya maofisa wa huduma za uangalizi, kwa masharti yanayoweza kupingwa mahakamani.

(c) Vifungu vya uzururaji vifutwe kwa kufuata maoni ya Mahakama ya Afrika.

(d) Jeshi la Polisi lisifanye kifungo cha zamani kuwa sababu ya kumkamata mtu. Kila anayekamatwa aandikiwe kinachomhusisha na tukio lenyewe, na ndugu zake waonyeshwe wakiomba.

(e) Mgonjwa wa akili aliyetenda kosa atibiwe na kulindwa, na kuendelea kuzuiwa kwake kuamuliwe na jaji baada ya kusikiliza madaktari, walau kila baada ya miezi 6. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa utaratibu uliorithiwa kwa Waingereza wa kuwaweka watu hao ndani mpaka Rais atakapoona inafaa. Nasi tuupime wetu kwa jicho hilohilo.

(f) Programu yoyote ya kompyuta isitumike kuamua uhuru wa mtu.

(g) Aliyetendewa uhalifu aarifiwe kabla mshtakiwa hajaachiwa, asikilizwe kuhusu masharti ya dhamana, na mwenye kuyavunja akamatwe siku hiyohiyo.

(h) Uwekwe utaratibu wa kumlipa fidia mtu aliyezuiwa na kuachiwa bila shtaka.

8. AHADI YETU

Nasi tunajifunga. Kuanzia sasa kila mwanachama atakayetembelea mahabusu atamuuliza kila aliyewahi kufungwa kama kuna jambo jipya analotuhumiwa, na ataliandika jibu pamoja na tarehe. Orodha hiyo, bila majina, tutaikabidhi kwa Mahakama na kwa Bunge kila mwaka. Tutakwenda pia kwa wenyeviti wa mitaa na vijiji, kwa sababu mara nyingi jina hutoka midomoni mwetu majirani kabla halijafika kituoni.

Mwisho, tunamkumbuka yule mama. Tulipomuaga tulimwomba alitungue lile begi, akatuambia bado. Alisema atalitungua siku duka litakapovunjwa mtaani, na kukicha mwanawe akatoka mlangoni kwenda kutafuta kibarua kama watu wengine. Sheria tunazoziomba ni za kuifikisha asubuhi hiyo.

Limetolewa Dodoma na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama wote.